Maji Ndani ya Ukuta: Nyumba za Masisi na Walikale

Maji huingia ukutani kwa njia nne. Ya kwanza ni mvua, ipigayo ubavuni na kupenya kwenye ufa, kiungo au ukingo wa dirisha. Ya pili ni ardhi, kwa kuwa udongo na tofali hunyonya maji ya chini na kuyapandisha. Ya tatu ni hewa yenye mvuke, ipitayo kwenye matundu ya ukuta na kuacha maji yake inapogusa kitu baridi. Ya nne ni mvuke wenyewe, unaopenya taratibu katika mwili wa ukuta hata pasipokuwa na tundu lolote. Mara nyingi kiasi cha maji hupungua kwa mpangilio huohuo: mvua huleta ndoo, mvuke upenyao huleta matone. Fundi anayehangaikia mvuke ilhali paa linavuja ameianzia kazi mkiani.

Hakuna ukuta usiolowa. Ukuta hudumu kwa sababu hukauka upesi kuliko unavyolowa, na huoza pale hesabu hiyo inapogeuka. Wahandisi wa nchi za baridi walilipata somo hili kwa gharama kubwa walipoanza kujenga nyumba zilizofungwa kila upande na kujazwa vizuia joto. Lakini hesabu ni ileile katika wilaya za Masisi na Walikale, jimbo la Kivu Kaskazini, ambako nyumba nyingi ni za mbao, za miti na udongo, au za plastiki iliyotandazwa juu ya fito.

Wilaya hizi mbili zimepakana, ila hewa zake hazifanani. Masisi ni nchi ya milima na malisho ya ng'ombe. Vijiji vyake vingi viko juu ya mita 1,500, na malisho ya juu hupita mita 2,000. Joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo usiku wa nyuzi 10 si jambo la ajabu huko. Ukiteremka kwa barabara ya Nyabiondo, Kibua na Mpofi, unaingia Walikale, wilaya kubwa kuliko zote za jimbo, yenye zaidi ya kilomita za mraba 23,000. Hapo ni msitu wa bonde la Kongo na mto Lowa, usiku ni wa nyuzi 20 hivi, na ni shida kutaja mwezi usio na mvua. Ukuta unaofaa wilaya moja unaweza kuwa kosa katika nyingine.

Adui wa kwanza wa kiambaza, yaani ukuta wa miti, fito na udongo, ni mvua inayorusha matope. Maji yanayoanguka kutoka paani hupiga chini, hurukia ukuta kwa kimo cha sentimita 30 hadi 50, na kuula kidogo kidogo mpaka miguu ya miti ibaki wazi kwa mchwa. Dawa yake inajulikana vijijini: upenu mpana, mfereji wa kupeleka maji mbali, na msingi wa mawe unaouinua udongo juu ya ardhi. Upande wa mji wa Sake mawe ya volkano yako tele, na kokoto zake zenye matundu makubwa ni neema ambayo wengi hawaithamini. Maji hupanda katika udongo kwa sababu vinjia vyake ni vyembamba mno. Yakifika kwenye kokoto kubwa, njia hukatika. Tabaka la kokoto hizo chini ya sakafu, na mistari michache ya mawe chini ya ukuta, huzuia maji ya ardhi kwa bei ndogo kuliko karatasi yoyote ya lami.

Volkano hiyohiyo huleta hasara kwa mlango mwingine. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira mara nyingi hupeperushwa kuelekea magharibi, na mvua inayopita ndani yake hushuka na tindikali. Manjanja, kama mabati yaitwavyo huko, hutoboka mapema, na tundu la ukubwa wa msumari juu ya kichwa cha ukuta hulowesha ndani ya mwaka mmoja kuliko mvuke wa maisha yote ya nyumba.

Kosa linalorudiwa zaidi, tena kwa nia njema, ni kuupiga ukuta wa udongo lipu ya sementi. Mwenye nyumba hutaka ionekane ya kudumu, naye hulipa fedha nyingi kwa mifuko iliyopandishwa mlimani kwa lori au pikipiki. Sementi ni ngumu na haitanuki pamoja na udongo, ambao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Baada ya misimu michache lipu hupata nyufa nyembamba kama unywele, na ufa mwembamba ndio unaonyonya maji kwa nguvu zaidi. Maji yakishaingia hayana pa kutokea, maana sementi hupitisha mvuke kwa shida. Udongo ulioko nyuma hulainika na kurudi kuwa potopoto, huku uso wa nje ukiendelea kung'aa kwa chokaa nyeupe, hadi siku pande zima linapoanguka na kuonyesha fito zilizooza. Lipu ya udongo mwembamba uliochanganywa na mchanga, majani yaliyokatwakatwa na kinyesi cha ng'ombe, ambacho Masisi hakikosekani, hulowa na kukauka pamoja na ukuta. Inahitaji kurudiwa kila baada ya miaka kadhaa. Hiyo ndiyo kasoro yake pekee ya maana, na ni nafuu kuliko kujenga upya. Chokaa ikipatikana hufanya kazi nzuri zaidi, kwa kuwa hustahimili mvua na bado huacha mvuke upite.

Mvua na ardhi vikishadhibitiwa, linabaki swali la mvuke, na hapo Masisi hufanana na nchi za baridi kuliko inavyodhaniwa. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, hewa baridi hubeba kidogo. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 18 haiwezi kushika zaidi ya gramu 15 hivi za mvuke. Kwa nyuzi 10 kikomo ni gramu 9 na nusu. Kinachozidi hugeuka kuwa maji juu ya kitu baridi kilicho karibu.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 2 na nusu, ambamo watu sita wamelala. Kwa pumzi na jasho kila mmoja hutoa gramu 40 hivi za maji kwa saa, hivyo kwa saa nane hutoka karibu lita 2. Hewa yote ya chumba hicho, hata ikijaa pomoni kwa nyuzi 18, haishiki hata nusu lita. Maji mengine lazima yatoke nje na hewa, au yatafute pa kukaa. Ongeza sufuria ya maharage: katika kimo cha mita 2,000 maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi, maharage huchukua muda mrefu kuiva, na mvuke hujaa nyumba nzima.

Maji hayo huenda kwanza kwenye manjanja. Usiku mbingu ikiwa wazi, bati hutoa joto lake kuelekea angani hadi kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka, na upande wake wa ndani hufunikwa na matone. Alfajiri matone huteremka kwa mteremko wa paa, hukusanyika kwenye kichwa cha ukuta na kulowesha boriti. Wenye nyumba hudhani paa limetoboka, hupanda na lami kuziba matundu ambayo hayapo.

Hata hivyo nyumba ya kale ya mbao, au ya miti na udongo, yenye moto wa mafiga matatu katikati, haikuoza upesi. Upepo ulipita kati ya mbao na chini ya upenu, na moto ulipasha kila kitu joto mchana kutwa. Hapa pana jambo linalowashangaza wengi: hata hewa ya ukungu wa Masisi inaweza kukausha nyumba. Hewa iliyojaa mvuke kwa nyuzi 10, ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 18, hubaki na asilimia 60 tu ya mvuke inaoweza kubeba, kwa hiyo ina nafasi ya kuchukua mwingine na kutoka nao. Gharama ya mpango huo ilikuwa moshi machoni na mapafuni, na kuni nyingi. Jiko likihamishiwa nje, kama inavyofaa kwa afya, nyumba hupoteza kikaushio chake, na ni lazima kazi hiyo ipewe kitu kingine. Mara nyingi haipewi.

Badala yake, baridi ikizidi, watu hupigilia plastiki upande wa ndani wa mbao ili kuziba upepo. Upepo hukoma, lakini plastiki yenyewe ni nyembamba, haizuii joto, na uso wake una baridi ileile ya nje. Mvuke hugeuka kuwa maji juu yake na kuchuruzika hadi kwenye mbao za chini. Waliokimbia vita vya wilaya hizi na kulala chini ya turubai katika kambi za pembezoni mwa Goma wanalijua jambo hilo bila kufundishwa: asubuhi turubai hutiririsha maji ndani hata kama mvua haikunyesha. Turubai huzuia mvua vizuri na halikaushi chochote.

Kizuia joto cha kweli ni kitu kingine. Ni nyenzo iliyojaa hewa isiyotembea: pamba ya kioo, nyuzi za mbao, majani makavu yaliyoshindiliwa, maranda ya seremala. Sentimita 10 za pamba ya kioo huzuia joto kuliko ukuta wa udongo wenye unene wa zaidi ya mita moja. Kazi yake ina sura mbili. Upande wa ndani wa ukuta huwa na joto zaidi, hivyo mvuke haugeuki kuwa maji juu yake na kuvu haipati maji ya kuotea. Upande wa nje huwa baridi zaidi, kwa kuwa joto la nyumba halifiki tena huko kuukausha. Ukuta uliokuwa ukikaushwa na joto lililopotea hubaki na maji yake.

Sura hiyo ya pili ilichelewa kueleweka. Mwaka 1977 watafiti wa Kanada walijenga katika mji wa Regina nyumba ya majaribio yenye kuta nene, tando la plastiki ndani na mashine ya kubadilisha hewa bila kupoteza joto. Mwaka 1991 familia za kwanza ziliingia katika nyumba za Darmstadt, Ujerumani, zilizotoa kipimo kinachotumika hadi leo: kilowati-saa 15 tu kwa kila mita ya mraba kwa mwaka kwa ajili ya kupasha joto. Nyumba hizo zilifanikiwa kwa sababu kila kiungo kilifungwa kwa uangalifu na hewa ilibadilishwa kwa mpango. Kwingine mambo yaliharibika. Katika pwani ya British Columbia, Kanada, maelfu ya nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa fremu za mbao katika miaka ya 1980 na 1990 zilioza ndani ya kuta, hadi serikali ikaunda tume chini ya Dave Barrett, waziri mkuu wa zamani wa jimbo hilo, iliyotoa ripoti mwaka 1998. Chanzo kikuu kilikuwa mvua iliyopenya kwenye madirisha na viungo, nao ukuta uliofungwa kwa lipu na plastiki haukuweza kukauka. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba kadiri upenu ulivyokuwa mpana ndivyo matatizo yalivyopungua. Bibi yeyote wa Masisi angewaambia hivyo bila tume.

Somo jingine lilihusu matundu. Kwa muda mrefu wajenzi waliogopa mvuke upenyao kwenye mwili wa ukuta, wakautandazia plastiki, huku wakiacha nafasi pembeni mwa nyaya na mabomba. Hesabu za wataalamu wa majengo wa Amerika Kaskazini zinaonyesha kwamba katika msimu mmoja wa baridi, ubao mzima wa jasi wa kufunika ukuta hupitisha theluthi moja ya lita kwa kupenya, na tundu la sentimita 2 na nusu kila upande katika ubao huohuo hupitisha lita 30 kwa njia ya hewa. Ndiyo maana ukuta mzuri wa siku hizi huko hufungwa dhidi ya upepo upande wa ndani, huachwa upumue kuelekea nje, na hufunikwa kwa ngozi ya nje yenye nafasi nyuma yake ili maji ya mvua yateremke na hewa ipite.

Nyumba ya Masisi haihitaji unene wa Darmstadt. Inahitaji kidogo mahali panapostahili, na mahali penyewe ni juu. Watu sita waliolala hutoa joto la wati 400 hivi, kiasi cha kupasha chumba kidogo, ila chini ya bati tupu lote hupaa. Dari ya mbao au ya mkeka iliyokandikwa udongo kwa chini ili isipitishe hewa, na juu yake sentimita 10 za maranda au majani makavu, hulibakiza joto hilo ndani. Kati ya maranda na manjanja lazima ibaki nafasi iliyo wazi pande mbili, upepo upite na kubeba mvuke wowote uliopenya. Dari iliyobanwa moja kwa moja chini ya bati, bila nafasi hiyo, itaoza.

Kwenye kuta, lipu ya udongo upande wa ndani hufanya kazi ambayo rangi ya mafuta haiwezi. Lipu nzuri hunyonya gramu 60 au zaidi kwa kila mita ya mraba katika saa 12 unyevu wa hewa unapopanda kutoka asilimia 50 hadi 80. Kile chumba cha watu sita kina mita za mraba 35 za kuta, kwa hiyo kuta zake zinaweza kupokea takriban lita 2, ambazo ndizo zinazotolewa usiku. Mchana madirisha yakifunguliwa, ukuta huzirudisha. Ukisahau kuyafungua, usiku wa pili huukuta ukuta umeshiba.

Hewa hupitishwa kwa matundu mawili, moja chini na jingine juu katika ukuta wa upande wa pili, kila moja likiwa na wavu na upenu wake. Hayazibwi usiku kwa sababu ya baridi, na hayazibwi kamwe ndani kukiwa na mbabula, yaani jiko la makaa. Jiko hilo halitoi mvuke mwingi, lakini hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na kadiri nyumba inavyozibwa ndivyo gesi hiyo inavyokuwa hatari.

Mbao zenyewe huleta maji. Mkaratusi uliopasuliwa juzi unaweza kuwa na nusu ya uzito wake mkavu kama maji. Katika mita moja ya ujazo yenye kilo 500 za mbao kavu, maji hayo ni lita 250, na ili ubao utulie kwenye asilimia 18 lazima lita 160 ziondoke. Ukifungwa kwa lipu pande mbili wiki hiyohiyo, zitaondokea wapi? Mbao hupangwa kwa vijiti katikati, chini ya kivuli chenye upepo, kwa miezi kadhaa, na kukandika huwekwa kwenye majira makavu ya Januari na Februari au Juni hadi Agosti. Tahadhari hii ni muhimu Masisi kwa sababu mbao zilizokauka vizuri hapo bado hukaa kwenye asilimia 16 hadi 18, na kuvu wa kuozesha hupata nguvu mbao zinapopita 20 na kuelekea 30. Nafasi iliyobaki ni nyembamba.

Kipo chumba kimoja Masisi ambacho kuta zake hutakiwa ziwe na unyevu: chumba cha kukomazia jibini, ambalo limeipa wilaya hiyo sifa hadi Kinshasa. Jibini likikaa kwenye hewa kavu hupasuka ngozi. Watengenezaji hutumia baridi ya mlima na ukuta unaopumua kufanya kazi ya mashine, na mbao za rafu hukaguliwa na kuoshwa mara kwa mara. Ni vyema chumba hicho kitenganishwe na mahali pa kulala.

Walikale hesabu hugeuka. Hewa ya nje ya nyuzi 20 iliyojaa mvuke, ikiingia katika chumba cha nyuzi 23, bado ina zaidi ya asilimia 80, na kwa kiwango hicho kuvu huota kwenye nguo, ngozi na karatasi. Upepo pekee haukaushi sana. Hukausha jua la mchana linapofika kwenye ukuta na uwanja. Kukata miti iliyoegemea paa, kuinua sakafu na kuacha upenu mpana kunasaidia kuliko nyenzo yoyote ya dukani. Kizuia joto hakina kazi kwenye kuta. Chini ya manjanja kinafaa, kwa kupunguza joto kali la mchana na kuzuia matone ya usiku. Paa la majani mapana ya msituni halikuwa na shida hizo mbili, ingawa lilidai kuezekwa upya kila baada ya miaka michache.

Chumba kinachopozwa kwa mashine katika msitu huo, kiwe ofisi ya mgodi au ghala la dawa, hugeuza mwelekeo wa mvuke: mvuke wa hewa ya nje husukumwa kuelekea ndani kwenye uso baridi. Plastiki ambayo Kanada huwekwa ndani, hapa ni lazima iwe nje, na ukuta uachwe ukauke kuelekea chumbani. Hoteli za Florida ziliwahi kubandika karatasi za vinili kwenye kuta za ndani za vyumba vilivyopozwa, na nyuma yake kukaota kuvu ya waridi na nyeusi. Ramani ya jengo iliyonakiliwa kutoka Ulaya na kupelekwa Walikale bila kugeuzwa itazaa tatizo lilelile.

Familia nyingi za Masisi zilizopitia kambi za Rwanda na Uganda sasa zinaishi Marekani, Kanada na Skandinavia, katika nyumba zilizofungwa sana. Huko mashine ndogo ya hewa bafuni na jikoni imechukua nafasi ya mianya ya mbao. Ikizimwa ili kuokoa umeme, au mdomo wake ukizibwa kwa kitambaa kwa sababu ya ubaridi, huku maharage yakichemka na nguo zikianikwa sebuleni, kuvu huonekana kwanza nyuma ya kabati lililosukumwa ukutani, kwa kuwa hewa ya joto haifiki hapo.

Mahali doa lilipo hueleza maji yametoka wapi. Doa linaloanza sakafuni na kuishia kwenye mstari wa kimo cha goti, mara nyingi lenye unga mweupe wa chumvi, ni la ardhi. Lililo chini ya pembe ya dirisha au linalokolea baada ya mvua ya upepo ni la mvua. Vitone vyeusi vya kuvu kwenye pembe za juu, nyuma ya kitanda na kando ya boriti ni vya mvuke. Mstari wa maji unaotokea asubuhi baada ya usiku mkavu na kutoweka mchana ni wa bati. Kila doa lina tiba yake, na kupaka rangi juu ya lolote kati ya hayo huchelewesha tu siku ya kuubomoa ukuta.